Wasomaji Wauliza: Miji Miwili, Kiwanda Kimoja cha Karatasi Kando ya Mto Saint John

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi juu ya mito inayogawa nchi, na tukautaja mji wa Edmundston, katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, unaotazamana na mji wa Madawaska, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Aya ile moja imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Safu hii tumeitenga kwa ajili ya maswali hayo, na yale yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mliandika kwamba watu wa miji hiyo miwili ni wa koo zile zile na kwamba mababu zao walizungumza Kifaransa. Nijuavyo mimi, sehemu hizo zilitawaliwa na Mwingereza. Hao wasemaji wa Kifaransa walitoka wapi, na ni nani aliyeamua kuufanya mto kuwa mpaka?

JIBU: Kabla ya Mfaransa na Mwingereza, bonde hilo lilikuwa la Wawolastoqiyik, ambao hati za wakoloni ziliwaita Maliseet na ambao hadi leo wana jumuiya yao kando ya Edmundston. Wasemaji wa kwanza wa Kifaransa kuweka makazi ya kudumu hapo walikuwa Waakadia, yaani wazao wa walowezi Wafaransa waliofika katika karne ya 17 kwenye pwani ambayo leo ni Nova Scotia na maeneo jirani. Waingereza, baada ya kuitwaa pwani hiyo, walianza mwaka 1755 kuwahamisha Waakadia kwa nguvu na kuwatawanya, na baadhi ya waliokwepa kukamatwa walikimbilia Mto Saint John na kulima kingo zake karibu na mahali ulipo mji wa Fredericton. Hawakuachwa watulie. Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha mwaka 1783, maelfu ya walowezi waliobaki watiifu kwa Mfalme wa Uingereza walihamia New Brunswick na kugawiwa ardhi, na Waakadia wakajikuta tena hawana hati za mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Mwaka 1785 familia kadhaa zilipanda mto na kutua katika eneo la Madawaska, kwenye ukingo ambao sasa ni wa Marekani. Waliungana nao wakulima wa Kifaransa kutoka bonde la Mto Saint Lawrence, hasa upande wa Kamouraska, wakaoana, na mwaka 1792 wakawa na parokia yao ya Saint-Basile kwenye ukingo wa kaskazini. Kwa watu hao mto ulikuwa barabara: mtu aliweza kuwa na nyumba ng'ambo moja na kwenda kanisani ng'ambo ya pili.

Mpaka ulichorwa na watu wa mbali. Mkataba wa 1783 ulisema mstari upite kwenye nyanda za juu zinazotenganisha mito iendayo Atlantiki na ile iendayo Saint Lawrence, lakini haukueleza nyanda hizo ni zipi, na kila upande ukazisoma kwa faida yake. Mwaka 1831 mfalme wa Uholanzi, aliyeombwa kusuluhisha, alitoa pendekezo ambalo Marekani ilikataa. Miaka ya 1838 na 1839 wakata miti na wanamgambo wa Maine na New Brunswick walikabiliana msituni katika kile kinachoitwa Vita vya Aroostook, ambavyo kwa bahati njema havikuwa na pigano lolote kubwa. Hatimaye, Agosti 1842, Daniel Webster kwa niaba ya Marekani na Lord Ashburton kwa niaba ya Uingereza walitia saini mkataba mjini Washington, na katika sehemu hii ya bonde mpaka ukafuata Mto Saint John.

Mara nyingi inasahaulika kwa nini Uingereza ilishikilia ukingo wa kaskazini kwa nguvu namna hiyo. Wakati wa majira ya baridi Mto Saint Lawrence uliganda, na njia pekee ya barua na askari kutoka Halifax kwenda Quebec bila kupita ardhi ya Marekani ilikuwa kufuata Mto Saint John, kisha Mto Madawaska na ziwa Témiscouata. Mahali mito hiyo miwili inapokutana ndipo ulipokuwa mji mdogo wa Petit-Sault, ambao katikati ya karne ya 19 ulipewa jina la Edmundston kwa heshima ya gavana Edmund Walker Head. Kilimani juu yake Waingereza walijenga mwaka 1841 ngome ndogo ya mawe na mbao, ambayo iliungua kwa radi mwaka 1855 bila kuwahi kupigana, na imejengwa upya katika zama zetu kwa ajili ya wageni.

Wakulima hawakuulizwa. Hata hivyo kanisa lilichelewa kuutambua mkataba: ukingo wa Marekani uliendelea kuhudumiwa na maaskofu wa upande wa New Brunswick hadi mwaka 1870, ulipohamishiwa jimbo la Portland huko Maine. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 waumini wa bonde walikuwa raia wa nchi mbili chini ya askofu mmoja, na nadhani hilo linaeleza mshikamano wao kuliko hotuba zozote.

SWALI: Mhariri, naelewa habari ya mashamba na parokia. Lakini kiwanda kikubwa kilifikaje mahali kama hapo, mbali na bahari na mbali na miji mikubwa?

JIBU: Kilifuata miti. Tangu Napoleon alipoizuia Uingereza kupata mbao za Baltiki mwanzoni mwa karne ya 19, misitu ya New Brunswick ilivunwa kwa ajili ya soko la Uingereza. Wanaume walikata miti wakati wa theluji, wakayaburuta magogo kwa farasi hadi kingo za vijito, na theluji ilipoyeyuka wakayaongoza kwenye maji ya mafuriko. Kazi hiyo ya kuongoza magogo, mtu akiwa amesimama juu ya gogo linalozunguka ndani ya maji baridi huku ameshika upondo wenye ncha ya chuma, iliwaua wengi. Magogo yakishuka hadi bandari ya Saint John yalipasuliwa au kusafirishwa, na bonde la juu halikubaki na kitu kikubwa isipokuwa mishahara ya msimu.

Reli ndiyo iliyobadili hesabu hiyo. Njia ya kutoka kusini ilifika Edmundston mwaka 1878. Baada ya hapo ikaja reli ya Témiscouata kutoka Rivière-du-Loup, na mwanzoni mwa karne ya 20 reli kuu ya taifa iliyovuka Kanada. Mji mdogo wa mtoni ukawa makutano ya reli, na mwaka 1905 ukapata hadhi rasmi ya mji. Kuanzia hapo haikuwa lazima mti uende baharini ili ugeuke fedha.

Aliyelitambua hilo ni ukoo wa Fraser. Donald Fraser, mhamiaji kutoka Scotland, alianza na kiwanda cha kupasua mbao kwenye River de Chute, chini kidogo kwenye mto huo huo, katika miaka ya 1870, na wanawe, hasa Archibald, wakaipanua biashara hiyo hadi ikawa na viwanda na misitu New Brunswick na Quebec. Mzee alifariki mwaka 1916. Ujenzi wa kiwanda cha rojo la mbao huko Edmundston ulianza wakati huo huo, na mwaka 1918 kikaanza kazi, na makao makuu ya kampuni yakahamia hapo. Mahali palikuwa pazuri kuliko pengine popote katika bonde: Mto Madawaska ulileta magogo kutoka upande wa Quebec, Mto Saint John ulileta mengine kutoka juu, maji ya kutumia kiwandani yalikuwapo, na reli zilikuwa mlangoni.

Wasomaji ambao hawajaona kiwanda cha namna hiyo huenda wangependa kujua rojo hilo ni kitu gani. Magogo ya misonobari ya nchi za baridi huondolewa magome, hukatwakatwa kuwa vibanzi vidogo, kisha vibanzi humiminwa ndani ya matangi marefu ya chuma na kupikwa kwa saa kadhaa, kwa mvuke na mgandamizo, katika tindikali inayopatikana kwa kuchoma salfa. Tindikali huyeyusha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na kinachobaki baada ya kuoshwa ni nyuzi tupu zinazoelea majini, kitu kinachofanana na uji mwepesi. Nyuzi za miti inayokua polepole kwenye baridi ni ndefu, na kwa hiyo hutoa karatasi nyembamba isiyochanika upesi. Harufu ya salfa haikuishia kwenye uzio wa kiwanda. Katika miji yote ya aina hii watu waliizoea kama ishara kwamba kuna kazi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimesikia kwamba kuna bomba linalovusha malighafi hiyo kutoka Kanada hadi Marekani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini hawakujenga kiwanda kizima upande mmoja wakapunguza usumbufu?

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, na usumbufu huo ndio uliokuwa na faida. Jibu limo katika sheria za ushuru za Marekani. Tangu 1913 rojo la mbao liliingia nchini humo bila kulipiwa ushuru, kwa sababu viwanda vya Marekani vililihitaji, na karatasi ya magazeti nayo iliruhusiwa kwa sababu wenye magazeti walikuwa na sauti kubwa bungeni. Karatasi bora, zile za kuandikia, za vitabu na za kazi maalumu, zililindwa. Sheria kali ya ushuru ya 1922 ilipandisha kuta kwa bidhaa nyingi, lakini rojo likaendelea kupita bure. Sasa fikiria uko katika ofisi za Edmundston: una rojo zuri kabisa, una soko kubwa la karatasi bora mbele yako, na kati yako na soko hilo una mto unaoweza kuuona dirishani. Ukitengeneza karatasi kwenye ukingo wako, utatozwa. Ukipeleka nyuzi ng'ambo na kuzigeuza karatasi huko, hutozwi.

Kwa hiyo mwaka 1925 kampuni ilifungua kiwanda cha karatasi mjini Madawaska, moja kwa moja mkabala na kile cha rojo, na kuviunganisha kwa bomba lenye urefu unaokaribia maili moja. Hapa pana faida ya pili ambayo wahasibu waliipenda pengine kuliko ile ya ushuru. Kwa kawaida kiwanda cha rojo kisicho na mashine za karatasi hulazimika kukausha rojo lake, kulibana kuwa mashuka mazito na kulipakia kwenye mabehewa. Mnunuzi naye hulivuruga tena kwa maji kabla ya kulitumia. Gharama ya moto wa kukaushia, ya kufunga na ya kusafirisha yote hutoweka rojo linapopita bombani likiwa bado majimaji na kufika tayari kwa mashine. Mpaka wa kimataifa, ambao kwa mkulima wa 1842 ulikuwa hasara, kwa mwenye kiwanda wa 1925 ulikuwa sehemu ya mtambo.

Niongeze jambo moja ambalo barua yako haikuliuliza. Daraja la chuma la barabara baina ya miji hiyo lilifunguliwa mwaka 1921, miaka minne kabla ya kiwanda cha Madawaska. Mafundi, wahandisi na jamaa za wafanyakazi walilitumia kila siku, na katika miaka ambayo Marekani ilipiga marufuku pombe walilitumia pia watu wenye shehena ambazo hazikuonyeshwa kwa maofisa wa forodha, ingawa wavushaji wengi wa magendo walipendelea mtumbwi usiku au barafu wakati wa baridi. Ushuru na magendo vilikua pamoja; mtu akiandika historia ya bonde hilo kwa vitabu vya kampuni peke yake, atapata nusu tu ya biashara iliyovuka mto.

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba ufafanuzi. Kama watu wa pande mbili walikuwa wa lugha moja, na hata kiwanda kilikuwa kimoja, mbona naambiwa leo upande wa Kanada Kifaransa kimejaa shuleni na ofisini, na upande wa Marekani vijana wengi wanazungumza Kiingereza tu? Je, wa upande mmoja waliithamini lugha yao kuliko wa upande wa pili?

JIBU: Hapana, na swali hili ndilo lililonifanya niombe safu nzima. Tofauti hiyo haikutokana na mapenzi ya watu kwa lugha yao. Ilitokana na shule, na shule zilitokana na sheria.

Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria iliyotaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia masomo katika shule za umma, na Kifaransa kibaki tu kama somo la lugha ya kigeni. Ilikuwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati hofu ya kila kilichoonekana kigeni ilikuwa imetanda Marekani. Katika miaka ya 1920 hata chama cha Ku Klux Klan kilipata wafuasi wengi Maine, kikiwashambulia kwa maneno na maandamano Wakatoliki na wasemaji wa Kifaransa. Katika miji ya bonde, ambako mtoto aliweza kuingia darasa la kwanza bila kujua neno la Kiingereza, sheria hiyo ilimaanisha kwamba mwalimu, ambaye mara nyingi alikuwa binti wa bonde hilo hilo na mzungumzaji wa Kifaransa nyumbani kwake, hakuruhusiwa kumweleza mtoto hesabu kwa lugha anayoielewa. Wazee wa Madawaska na miji jirani wamesimulia kwa miaka mingi adhabu walizopewa kwa kuteleza na kusema Kifaransa uwanjani, ya kawaida zaidi ikiwa kuandika mara nyingi, ubaoni au daftarini, sentensi ya Kiingereza ya kuahidi kutozungumza Kifaransa. Mtoto alijifunza kuandika kwa lugha ya serikali ahadi ya kuiacha lugha ya mama yake. Sheria hiyo ilidumu miaka 50. Waliokulia chini yake wengi wao waliendelea kuzungumza Kifaransa jikoni, kanisani na kazini, lakini hawakuweza kukiandika, na walipopata watoto wao wenyewe waliona ni busara kuwaepusha na aibu ile ile kwa kuwasemesha Kiingereza. Sioni haki ya kuwalaumu.

Wala upande wa Kanada haukuwa pepo. Sheria ya shule ya New Brunswick ya 1871 iliondoa mafundisho ya dini katika shule za umma na kuwaudhi Wakatoliki, na kwa miongo mingi serikali, mahakama na biashara kubwa zilikwenda kwa Kiingereza. Kiwandani kwenyewe wakubwa walikuwa hasa wasemaji wa Kiingereza na vibarua hasa wa Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa ngazi ya kupandia cheo. Tofauti ni kwamba upande huu Wafaransa walikuwa wengi vya kutosha katika jimbo zima, na waliungwa mkono na taasisi zao: watawa wa Hôtel-Dieu waliofika Saint-Basile mwaka 1873 na kuanzisha shule na hospitali, kisha chuo cha Saint-Louis kilichofunguliwa Edmundston mwaka 1946 na baadaye kugeuka kampasi ya Chuo Kikuu cha Moncton. Mwaka 1960 Louis Robichaud akawa Mwakadia wa kwanza kuchaguliwa waziri mkuu wa jimbo hilo, na mwaka 1969 serikali yake ikapitisha sheria ya lugha rasmi iliyoipa Kifaransa na Kiingereza hadhi sawa. New Brunswick hadi leo ndilo jimbo pekee la Kanada ambalo kikatiba lina lugha mbili rasmi.

Tazama mwaka huo: 1969 ndio mwaka ambao Maine nayo ilifuta sheria yake ya 1919. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za bonde upande wa Marekani zilipata fedha za serikali kuu kwa ajili ya masomo ya lugha mbili. Upande mmoja ulianza kujenga juu ya msingi uliokuwapo. Upande wa pili ulianza kuufukua msingi uliofukiwa kwa nusu karne. Kifaransa cha Madawaska bado kinasikika, hasa kwa watu wa makamo na wazee, lakini anayekitafuta kwenye vibao vya ofisi na madaftari ya shule ni lazima avuke daraja.

SWALI: Je, kuna nchi inayoitwa Jamhuri ya Madawaska? Nimeona bendera yake.

JIBU: Hakuna nchi, bali kuna utani unaoheshimiwa sana. Mwaka 1827 Mmarekani aitwaye John Baker, mwenye kinu kwenye ukingo ambao leo ni wa Kanada, alipandisha bendera ya Marekani mnamo tarehe 4 Julai. Waingereza walimkamata, wakamtoza faini na kumfunga. Kumbukumbu ya ubishi huo, pamoja na hisia ya watu wa bonde kwamba serikali zote tatu, za Quebec, New Brunswick na Maine, zimewasahau, ilizaa jamhuri ya kufikirika. Bendera yenye tai na nyota sita ilibuniwa katika miaka ya 1930, na meya wa Edmundston hubeba cheo cha rais wa jamhuri hiyo.

SWALI: Mhariri, kiwanda hicho bado kipo? Viwanda vya karatasi tunasikia vinafungwa kila mahali.

JIBU: Kipo, pande zote mbili, ingawa si kwa jina la zamani, na hakikufika hapa bila maumivu. Mgomo wa mwaka 1971 upande wa Madawaska uligeuka kuwa makabiliano ya wafanyakazi na polisi, na wazee wa mji bado wanaukumbuka kwa hisia kali. Ukoo wa Fraser ulikuwa umekwisha kupoteza udhibiti wa kampuni, na mwaka 1974 Noranda, kampuni kubwa ya madini na misitu, ikainunua. Mwaka 2009, soko la karatasi likiwa limeporomoka, Fraser Papers iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata viwanda vya Edmundston na Madawaska vikakabidhiwa kampuni mpya iitwayo Twin Rivers. Kazi nyingi ziliokolewa. Walioumia zaidi ni wastaafu, hasa wa upande wa Kanada, ambao pensheni zao zilipunguzwa kwa kiasi kikubwa baada ya kuzifanyia kazi maisha yao yote. Ninapowasikia watu wakisema kwamba kiwanda kilinusurika, huwa napenda wataje pia nani alilipa.

Kilichokisaidia kudumu ni kwamba hakikutegemea karatasi ya magazeti, ambayo intaneti imeiua. Mashine za Madawaska hutoa karatasi nyepesi za kazi maalumu: za kufungia vyakula, za lebo, na zile nyembamba mno zenye maandishi madogo zinazokunjwa mara nyingi na kuwekwa ndani ya pakiti za dawa.

Lile daraja la 1921 nalo lilizeeka. Mwaka 2017 wakaguzi waligundua kwamba halikuweza tena kubeba malori, uzito ukawekewa kikomo cha tani tano, na magari mazito yakalazimika kuzunguka mbali kutafuta vivuko vingine vya mpakani, wakati rojo lilivuka bombani kama siku zote. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2024. Katikati ya hayo lilikuja janga la korona: kuanzia Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa safari zisizo za lazima, na kwa zaidi ya mwaka mzima ndugu waliokuwa wakizikana na kuozana ng'ambo zote mbili walipungiana mikono kutoka kingo za mto. Bonde hilo halikuwahi kutenganishwa namna hiyo tangu mkataba ulipotiwa saini.

SWALI: Ninaandika tasnifu ya chuo kuhusu jamii za mipakani na ningependa kuitumia miji hii kama mfano. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na kumbukumbu za pande zote mbili kwa pamoja, maana hilo ndilo watafiti wengi hawalifanyi. Upande wa Kanada kuna kituo cha nyaraka za Madawaska katika kampasi ya Edmundston ya Chuo Kikuu cha Moncton, na upande wa Marekani kuna Nyaraka za Waakadia katika Chuo Kikuu cha Maine huko Fort Kent. Hati za serikali na za kampuni utazikuta kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Za parokia kwa Kifaransa. Jina la mtu yule yule linaweza kuandikwa kwa namna moja na padri na kwa namna nyingine kabisa na karani wa sensa, basi usihesabu watu wawili mahali alipokuwapo mmoja. Na kwa familia zilizoishi ukingo wa Marekani kabla ya 1870, usiishie kutafuta katika jimbo la Maine: ubatizo, ndoa na maziko yao mengi yameandikwa katika vitabu vya Saint-Basile, ng'ambo ya mto.